Upande Wangu wa Sinia

Ujumbe wa Salma ulinikuta kwenye kikao cha idara, kikao cha tatu wiki ile, kilichoitishwa kujadili namna ya kupunguza vikao. "Shikamoo mjomba. Ni Salma wa Makorora, binti yake Kombo. Baba alifariki mwezi uliopita, hatukuwa na namba yako. Arobaini yake tunaisoma Jumapili. Mama anasema uje. Na uje na ile makala yako ya chakula kwenye filamu za anga, utusomee. Niliisoma nilipokuwa chuo. Baba alikuwa akiyapenda mno mambo hayo." Niliusoma mara nne chini ya meza. Nilitafuta lawama ndani yake na sikuiona, na kutoiona kulinitia hofu zaidi kuliko kama ningeiona. Mwenyekiti akaniuliza maoni yangu. Nikasema naunga mkono. Mpaka leo sijui niliunga mkono nini.

Makala hiyo ndiyo iliyonipa jina, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kupata jina kwa kuandika kuhusu filamu kwa Kiswahili. Yaani najulikana kwenye korido mbili na kantini moja. Hoja yake ni nyepesi. Katika filamu za anga, zile za vyombo vinavyosafiri kati ya nyota na viumbe vyenye macho matatu, mtazamaji hana njia ya kujua nani ni mtu na nani si mtu. Sura zinadanganya, lugha zinadanganya, hata damu inaweza kuwa ya kijani na mwenye damu akawa mwema. Kwa hiyo tazama chakula. Nani ameitwa kula na nani hakuitwa. Nani amenawa. Nani amepewa bakuli akalimwaga wenyeji walipogeuka. Nani hayupo, na je, wamemwachia? Filamu nzima, nikaandika, imo kwenye mlo wake wa kwanza, na mizinga yote inayofuata ni maelezo tu. Wanafunzi wanaipenda makala hiyo kwa sababu ni fupi. Mwenzangu mmoja aliwahi kusimama mbele ya watu akasema ni wazo jipya kabisa, halijapata kusemwa na mtu. Nilimshukuru. Niliinamisha na kichwa kidogo, kama wafanyavyo wanyenyekevu. Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la Kombo, mkalimani wa banda la video la Makorora, mjini Tanga, na nililila nyumbani kwake pamoja na wali wake.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nikisubiri chuo kikuu, hali inayoweza kumfanya kijana ajione ameshafika. Asubuhi nilifundisha tuisheni ya Kiingereza mtaa wa Nguvumali, kwenye chumba chenye ubao uliopasuka katikati, kiasi kwamba kila sentensi niliyoandika ilivunjika kwenye kitenzi. Nilikuwa na miaka ishirini na suruali moja ya kitambaa niliyoipiga pasi kila siku. Chumba nilipanga kwa Kombo, chumba cha mbele. Kuta za nyumba ile hazikufika juu; ziliishia kama futi mbili chini ya bati, na kila kilichosemwa chumba kimoja kilisikika katika vyote. Nilijua kwamba Mize, mkewe Kombo, anaumwa jino kabla Kombo mwenyewe hajajua. Nao bila shaka walinisikia nilivyokuwa nikijihutubia kwa Kiingereza mbele ya kioo cha kunyolea, ingawa hawakunitajia, isipokuwa siku moja Mize aliponiuliza kwa upole kama yule bwana niliyekuwa nikigombana naye ameshaondoka.

Nilihamia na jiko la mafuta ya taa, sufuria moja na mfuko wa unga. Mize alisimama mlangoni, Salma akiwa kiunoni, akalitazama lile jiko kama mtu anayetazama mnyama asiyemjua. "Mgosi," akasema, maana watu wa Tanga wakishajua umetoka milimani Usambaa basi jina lako la ubatizo limekwisha kazi, "hilo jiko la nini?" Nikasema la kupikia. "Umpikie nani?" Nikasema najipikia mwenyewe. Akacheka mpaka mtoto akatikisika. "Kombo, njoo usikie. Ati atakula peke yake humu ndani, na sisi tuko uani twala. Sisi tutakuwa watu gani?" Jiko likaenda chini ya kitanda. Jioni ile nikaitwa uani, kwenye mkeka, na sinia likawekwa katikati.

Sinia lina adabu yake, na sikuijua. Kila mtu anakula kilicho mbele yake. Huvuki kwenda kwa jirani hata kama upande wako umekwisha na wake bado una mlima. Kitoweo kiko katikati, na kazi ya mwenye nyumba ni kukigawa kwa vidole, kusukuma minofu kuelekea upande wa mgeni bila kusema neno na bila kumtazama, ili mgeni asione haya. Kombo alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Angekuwa anazungumza habari za redio aliyoshindwa kuitengeneza, maana mchana alikuwa fundi redio barazani, macho yake yako kwa Mize, na papo hapo tumbo la samaki changu limeshasogea mbele yangu, halina mwiba hata mmoja, yeye akibaki na kichwa. Mimi nilikula polepole, kwa uangalifu, nikihofia kuvuka mpaka. "Kula, Mgosi," Mize aliniambia. "Wala kama uko kwenye mtihani." "Mwache," Kombo akasema. "Watu wa milimani wamezoea viazi. Wali wawateleza." Mwishoni Mize aliukwangua ukoko chini ya sufuria, tukaugawana, na ukoko ndio uliokuwa wakati wa mazungumzo, kwa sababu huwezi kuumeza haraka.

Banda la video lilikuwa hatua chache kutoka nyumbani, nyuma ya karakana ya seremala, na harufu ya mbao mbichi iliingia mpaka ndani. Onyesho lilianza baada ya alasiri. Mabenchi, mapazia ya magunia, televisheni moja juu ya kabati, deki chini yake, na kando, kwenye kiti cha plastiki, Kombo na kipaza sauti alichokiunda mwenyewe kutokana na redio tatu. Sauti ya filamu aliipunguza, yake akaipandisha. Watu wa Makorora walipenda filamu za mapigano, lakini Kombo alipenda za anga, na kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua kaseti, Makorora ikapenda za anga. Benchi la mbele lilikuwa la Athumani, fundi cherehani, aliyekuja na futikamba shingoni na kubishana na kila kiumbe kilichojitokeza kwenye kioo.

Nakumbuka ya kwanza niliyoiona pale. Watu saba ndani ya chombo, wamekaa kuzunguka meza nyeupe, wanakula ujiuji kutoka kwenye visanduku. Watazamaji walikuwa wakisubiri bunduki. "Jamaa," Kombo akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, "msitazame bunduki. Bunduki kila mtu anayo. Tazameni mezani. Hawa ni saba, na mmoja wao si mtu. Mie sijaambiwa, nanyi hamjaambiwa. Haya, nani kati yao hajanawa?"

"Hakuna aliyenawa, Kombo," Athumani akajibu. "Huko juu maji yatoke wapi?"

"Yule wa kulia kajifuta vidole kwa kitambaa. Yule mwanamke kaisugua mikono. Huyu mwenye ndevu kashika kijiko moja kwa moja. Mshikeni huyu kwa macho, msimwachie."

Nahodha wa chombo akasema jambo. Mimi, nikiwa nyuma, nilisikia vizuri: mtambo wa kupoza injini umebakiza siku chache. Kombo akafasiri: "Nahodha anasema, karibuni, tule kilichopo, ya jana tusiulizane." Nikatabasamu gizani, tabasamu la mtu anayejua. Lakini mwisho wa filamu yule mwenye ndevu alifunguka uso kama mlango wa redio, ndani nyaya tupu, na banda zima likanguruma. "Wewe umeshaiona hii," Athumani akalalamika. Hakuwa ameiona. Kaseti ililetwa mchana ule ule na nilikuwapo.

Kwenye ukoko jioni ile nikamuuliza alijuaje. Akafikiri, akitafuna. "Sasa Mgosi, mtu wa dunia nyingine utamjuaje? Atakuja na lugha yake, nawe una yako. Lakini tumbo analo. Mie nilipovuka kutoka Pemba kuja hapa sikuwa na mtu. Nimesimama sokoni siku nzima, natazama watu, nao wanitazama. Mama mmoja muuza mihogo akaniambia, we kijana, sogea ule. Hakuniuliza jina. Ndipo nikajua hapa pana watu. Zile filamu zote ndiyo hiyo hadithi. Mtu yuko mbali na kwao, atazama nani atamwambia sogea." Mize akasema, "Na yule mama ungemwambia umeshiba?" "Ningemwambia nimeshiba," Kombo akajibu, "ningekuwa bado nimesimama sokoni." Nilicheka nao. Nilikuwa na daftari chumbani, na usiku wa siku hiyo niliyaandika maneno yale karibu yote. Ninalo mpaka leo. Mwandiko ni wangu, na kwa miaka mingi nilijifanya kwamba hilo linatosha.

Nilikula upande wangu wa sinia miezi mitano. Nilijifunza kukata pweza wa nazi kwa meno ya mbele, nilijifunza kutosema asante baada ya kila tonge, jambo lililowachosha. Ningeweza kuishia hapo na hadithi hii ikawa ya kupendeza. Ila siku moja walikuja bandani wasichana wawili wa tuisheni yangu, wakakaa benchi la tatu, na mimi nikaacha kukaa nyuma.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya mwanamke anayetua kwenye sayari nyekundu, peke yake, chombo chake kimeharibika. Wenyeji ni viumbe vyenye shingo ndefu na ngozi kama ya mjusi. Wanamzunguka, kisha wanakaa kwenye mduara, wanateka kitu kutoka kwenye chungu cha mawe na kumpa bakuli. Ananusa. Anazungumza na kifaa kilichofungwa mkononi mwake. Wanapogeuka, anamwaga bakuli mchangani na kulifukia kwa mguu. Kombo alikuwa ameishusha sauti yake mpaka karibu na mnong'ono. "Hapa, jamaa. Mabomu yatakuja baadaye lakini vita imeanza hapa. Mwenyewe asema: mie nile na hawa? Hawa nani?"

"Hakusema hivyo," nikasema. Nilishangaa kusikia sauti yangu. Nilikuwa nimeshasimama.

Kombo akanigeukia. "Asemaje, Mgosi?"

"Amesema kipimo chake kinaonyesha kwamba kile chakula ni sumu kwa binadamu."

"Ahaa." Akarudi kwenye kipaza sauti. "Mgosi asema kina sumu. Haya, nani kaonja?"

Banda likacheka. Hawakunicheka kwa ubaya. Walicheka kama walivyomcheka Athumani kila siku, na Athumani alinenepa kwa vicheko vile. Lakini mmoja wa wasichana wangu naye alicheka, akiziba mdomo kwa daftari, daftari lile lile nililokuwa nikilisahihisha. Nikasema, kwa sauti ya darasani, "Kombo hajui Kiingereza. Hajui hata sentensi moja. Yote anayowaambia miaka yote hii anayatunga."

Kwenye kioo wale viumbe walikuwa wanaimba. Hakuna aliyekitazama kioo. Athumani akageuka taratibu na futikamba yake shingoni. "Kweli, Kombo?"

Kombo alikitazama kipaza sauti kama kitu alichoachiwa na mtu akishike kidogo. "Kidogo najua," akasema. Halafu akasimama, akakivuta kile kiti cha plastiki kuelekea kwangu. "Mgosi ndiye msomi. Njoo utufasirie, nasi tusikie."

Hakukuwa na hasira ndani ya maneno hayo. Nimeyageuza kwa karibu miaka thelathini nikiitafuta, kwa sababu ingenisaidia. Na mimi nikaenda. Hilo ndilo hasa linaloniamsha usiku: maneno mtu anaweza kuyaropoka, lakini kwenda kwenye kile kiti zilikuwa hatua sita. Nikaketi, nikafasiri. Nilifasiri vizuri sana. Nilisema kiwango cha oksijeni, nilisema mfumo wa kuongozea chombo, nilisema shinikizo la hewa, na nilipokosa neno nilisimama kulitafuta wakati filamu ikiendelea. Benchi la nyuma liliondoka kwanza. Wasichana wangu wakaondoka wakiwa wameinamisha vichwa, kama wanaotoka msibani kabla ya dua. Athumani alivumilia mpaka nilipoeleza sumaku, kisha akasimama akajinyoosha. "Mwalimu," akasema, "sisi shule tulishatoka kitambo." Filamu ilipokwisha alikuwa amebaki mtu mmoja, katikati ya benchi tupu, mikono juu ya magoti, akisikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Alikuwa Kombo.

Tulirudi nyumbani pamoja, kwa kuwa njia ilikuwa moja. "Umefasiri vizuri," akasema. "Maneno yote yalikuwamo." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Ila hukutwambia kilikuwa chakula gani kile." Nikamjibu kwamba kwenye filamu hawakusema. "Ndiyo," akasema. "Hawakusema."

Jioni Mize akaita kutoka uani, "Mgosi, chakula." Nikajibu nikiwa kitandani, nimevaa viatu, "Nimeshiba, shemeji." "Umeshiba wapi?" "Nimekula njiani." Mumewe, niliyeandamana naye njia nzima, alikuwa pale pale mkekani akisikia. Nilikuwa na mkate wa siku mbili na nikautafuna polepole, kwa kuwa kuta hazikufika juu. Nikamsikia Salma, aliyekuwa na miaka mitatu, akiuliza, "Mgosi haji?" na baba yake akimwambia, "Mwache mwanangu. Leo kazungumza sana, kachoka."

Nilipotoka kwenda kunawa uso nililiona sinia. Upande wa Kombo ulikuwa umeliwa ukang'aa, upande wa Mize vile vile, kale kaupande kadogo ka Salma kalikuwa na punje zilizotawanyika. Upande wangu ulikuwa umeachwa. Kipande cha wali kama kabari, kingo zimenyooka, kwa sababu watu watatu walikula wakikizunguka bila hata mmoja kuvuka mpaka, na juu yake minofu ya changu, haina miba. Baadaye Mize akakifunika kwa kawa.

Kesho yake nilisema nimeshiba tena. Si kwamba niliwakasirikia. Nilishindwa tu kufikiria vidole vya Kombo vikinisukumia samaki. Nikaanza kula kwa mama ntilie Nguvumali, sahani yangu, meza yangu, uso ukutani. Kila jioni Mize aliita na kila jioni nilikuwa nimeshiba, na kila nilipopita uani ile kabari ya wali ilikuwapo. Iliachwa kwa muda wa wiki mbili. Jioni moja nikapita, sinia lilikuwa limeliwa lote. Naona aibu kuandika kilichofuata: nilikasirika. Nilijiona nimetupwa.

Kombo alirudi kwenye kiti chake, lakini sasa watu walimkatiza. "Hiyo kweli, Kombo, au ya kwako?" Naye, ambaye hakuwahi kusita, akaanza kusema "nadhani" na "kama sikukosea". Mkalimani hawezi kusema nadhani. Kabla mwaka haujaisha mwenye banda alianza kuleta kaseti zilizokwisha fasiriwa, na Kombo akabaki na redio zake barazani. Banda lingebadilika tu hata bila mimi. Yote yalibadilika miaka ile. Nimeitumia sentensi hiyo mara nyingi na bado haijazoea kinywa changu. Nilipoondoka kwenda chuo Mize alinifungia mkate wa kumimina kwenye gazeti, na Kombo akanibebea begi mpaka stendi. Sikurudi. Nilipoandika makala, miaka mingi baadaye, nilifungua lile daftari na kila mahali palipokuwa na "Kombo anasema" nikaandika "inaweza kusemwa kwamba". Hiyo ndiyo lugha ya kitaaluma. Inamfaa sana mtu asiyetaka kusema nani alisema.

Nyumba ya Makorora sasa ina dari, na kuta zimefika juu. Jumapili nilifika wakati khitma inamalizika barazani, nikakaa na wanaume mpaka dua, kisha watu wakatawanyika na waliobaki tukaitwa uani: ndugu wachache, majirani, na Athumani, mzee sasa, haoni vizuri, ameshikwa mkono. Mize alikuwa mkekani katika nguo za eda. Nikampa pole. Alinikazia macho muda mrefu. "Mgosi. Umenenepa. Kumbe huko nako wala." Kisha akasema, "Haya tusomee, kabla chakula hakijaja."

Nikafungua kitabu chenye ile makala. Sentensi ya kwanza, iliyochapishwa, inasema: Inaweza kusemwa kwamba katika filamu za anga silaha ni kelele tu. Nilifungua mdomo na nikasoma, "Kombo alikuwa akisema kwamba katika filamu za anga silaha ni kelele tu."

"Bunduki kila mtu anayo," Athumani akadakia, na uani pakachangamka.

Nikaendelea. Palipoandikwa "mtafiti anabaini" nikasoma "Kombo aliona". Palipoandikwa "kwa mtazamo wetu" nikasoma "Kombo alitwambia". Nilifasiri kitabu changu mwenyewe papo kwa papo, mstari kwa mstari, na sikukwama hata mara moja. Sijawahi kufasiri vizuri vile. Nilipofika kwa asiyenawa, Athumani alinitangulia. Nilipofika kwa bakuli lililomwagwa mchangani hakuna aliyedakia, ila mtu mmoja alisema taratibu, "Ile siku." Nilipomaliza Mize alikuwa amejifuta macho kwa ncha ya shuka. "Tulidhani umemsahau," Athumani akasema. "Kumbe ulimtia kitabuni."

"Salma," Mize akasema, "hebu kichukue kitabu, nionyeshe lilipoandikwa jina la baba yako. Kusoma sijui, na macho yenyewe ndiyo haya, lakini nataka nipashike."

Salma akaja akanyoosha mkono. Ana uso wa Kombo na miwani. Nikampa, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Akainama kama anayenishukuru, akasema kwa sauti ndogo ambayo hata ukuta mfupi kuliko wote usingeipitisha, "Nilitaka nikusikie ukilitaja." Akapiga magoti kando ya mama yake, akatafuta ukurasa, akauchukua mkono wa mama yake, akakinyoosha kidole na kukiweka kwenye karatasi. "Hapa, mama."

Mize akapapasa pale, kulia, kushoto. "Liko juu," akasema.

"Liko juu kabisa."

Kwenye ukurasa ule jina ni moja tu. Liko juu, kwa herufi nzito, na ni langu.

Wiki iliyofuata nilimwandikia mchapishaji kwamba toleo lijalo lazima liwe na jina la Kombo kuanzia sentensi ya kwanza. Akanijibu kwa adabu, akaniuliza huyo Bwana Kombo ni wa chuo gani. Nimemjibu. Lakini siku ile uani sikusema neno. Masinia yalikuwa yanatoka jikoni, watu wanajipanga watano watano mkekani, nami nilikuwa nimeanza kuvua viatu. Mize akanizuia kwa mkono. "Wewe kaa kitini, Mgosi. Salma, mletee sahani yake." Ikaja sahani ya udongo yenye maua, pilau imejaa, minofu mitupu, na uma umefungwa kwenye karatasi laini. "Mwenyewe alituusia," Mize akasema, kwa furaha ya mtu aliyekumbuka jambo la mgeni wake. "Alikuwa kila mara akisema, siku Mgosi akija mpakulieni peke yake. Yule hapendi kula na watu. Msimlazimishe."

Salma akaanza kupitisha birika na beseni, mkono kwa mkono, mkeka kwa mkeka. Aliponifikia aliutazama uma. "Wewe una uma, mjomba, huna haja," akasema, akapita. Kutoka kitini niliwaona wote vizuri, migongo imeinama, kila mmoja na upande wake. Athumani, ambaye haoni, akalisikia birika linawekwa chini. Akainua uso, akaivuta ile sauti tuliyoijua sote.

"Haya, jamaa," akasema, "nani kati yetu hajanawa?"

Watu wakacheka. Nikacheka nami, uma mkononi.